Komeo la Mlango wa Uani

Machi 11

Kuna swali ambalo nimeshindana nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na ambalo sasa nawafundisha wengine kana kwamba nimeshalimaliza: je, kukifunika kitu ni kukilinda, au ni kujinyima tu kuona kinavyoliwa? Lugha yetu yenyewe hainisaidii. Mtoto hufunikwa asipigwe na baridi, na aibu hufunikwa isionekane. Kitenzi ni kimoja, na anayefunika mara nyingi hajui ni lipi kati ya hayo mawili analolifanya.

Leo swali hilo limenirudia kwa sababu ya komeo.

Nipo nyumbani kwa mama kwa likizo ya utafiti. Mvua zimeanza juzi, na pamoja nazo wezi: wameingia kwa jirani yetu, mkunga mstaafu, kwa mlango wa uani, wakachukua redio, pasi na viatu vya marehemu mumewe. Asubuhi mdogo wangu, mwenye duka la dawa, alipita kwetu kabla ya kufungua duka akakagua milango. Wa mbele hauna neno. Wa uani una komeo kubwa la chuma alilolitengeneza baba kwa mikono yake, na limeshikwa na kutu hadi halisogei.

"Dada, hili ni komeo au kisiki?"

"Halijafungwa tangu baba alipotoka."

"Najua." Alishusha sauti ili mama, aliyekuwa jikoni, asisikie, ingawa mama husikia hata sukari ikiyeyuka. "Mimi nasema hivi. Mlango ukifungika, mama abaki hapa. Usipofungika, mvua zikiisha namchukua kwangu, atake asitake. Sitaki kuja kuitwa na majirani asubuhi."

"Basi tununue jipya."

"Mlango huo haupigwi msumari mwingine," mama akasema kutoka jikoni. "Na ukifungwa, mimi sikai ndani yake. Na wewe, chai yako inapoa."

Baba alitoka kwa mlango huo alasiri moja ya mvua, nikiwa mwaka wa pili chuoni. Alikuwa anakwenda kumsaidia rafiki kuziba bomba. Alisema, "Msinifungie, narudi sasa hivi." Mfereji mkubwa ulio nyuma ya nyumba ulifurika siku ile. Rafiki hakumwona, na hakuna mwingine aliyemwona. Hatukuzika mtu. Tangu hapo mlango wa uani husukumwa tu hadi kitasa chake kidogo kibane, wala haufungwi kwa komeo.

Kwa hiyo mwanawe mmoja anamtaka mama aondoke mlango usipofungika, na mama mwenyewe ataondoka ukifungika. Kati ya masharti hayo nimebaki mimi, ambaye kazi yangu ni kuwafundisha vijana kutofautisha sababu na sadfa.

Machi 13

Nimefungua chumba cha kazi cha baba kilichoko pembeni mwa ua. Alikuwa fundi katika kiwanda cha vifaa vya ujenzi, na kazi yake ilikuwa kuvisha zinki parafujo, bawaba na makomeo kwa umeme. Hivyo ndivyo alivyosema, kuvisha, na chuma kilichosafishwa kutu alikiita chuma uchi.

Wenzake walimwita Bahari, na hawakumsifu kwa jina hilo. Mikono yake ilitoa jasho la namna ya peke yake, lenye chumvi kali: chuma alichokishika asubuhi bila glavu, jioni kilikuwa na alama za vidole vyake zilizochorwa kwa kutu. Kiwandani alikatazwa kugusa bidhaa iliyokamilika. Nyumbani hakukuwa na wa kumkataza, hivyo mikasi, koleo, rula ya chuma, vyote vilibeba vidole vyake. Mama alikuwa akisema kwamba aliolewa na mwanamume pekee duniani asiyeweza kuiba hata kijiko.

Chaja yake ya betri ya gari bado inafanya kazi. Inazo nyaya mbili za kijivu, kila moja na kipande cha plasta alichokiandika kwa mkono. Ya kwanza imeandikwa ML. Ya pili imeandikwa ML.

Machi 14

Mvua tangu alfajiri. Nimesoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja. Hoja zake zinavuja kama paa letu.

Machi 16

Nilikwenda dukani kwa mdogo wangu kuomba chumvi ya haluli, siki nyeupe na boksi la glavu. Wateja wawili walikuwa wamesimama nyuma yangu.

"Haluli kiasi hiki, dada? Dozi hii inamwendesha farasi."

"Ni ya kuvishia zinki lile komeo."

"Siwezi kuandika hivyo. Nitaandika tumbo la mwalimu."

Mteja mmoja alinipa pole kwa moyo wake wote.

Kanuni nilizisoma katika kitabu, na ni nyepesi. Chuma huloweshwa ndani ya siki hadi kutu ilegee, kikasuguliwa kwa brashi ya waya na kusuuzwa. Kisha huzamishwa katika bakuli la siki, haluli na sukari kidogo, pamoja na kipande cha zinki, ambacho mtu hukipata kwenye ganda la betri kuukuu ya tochi akishakomba ule uji mweusi. Umeme hupitishwa taratibu. Zinki humeguka chembe kwa chembe kutoka kwenye ganda, ikaenda kukaa juu ya chuma.

Kilichonishinda ni nyaya. ML ni mla, na ML ni mliwa: hayo ndiyo maneno ya baba, aliyechukia maneno ya vitabuni ya chanya na hasi. Lakini ni mtu wa namna gani anayefupisha mla na mliwa kwa herufi zilezile? Mtu asiyetazamia kwamba mwingine atazitumia. Nililiona fundo dogo kwenye waya mmoja, nikalichukulia kuwa alama ya mliwa, hapo sikukosea. Kisha nikafikiri hivi: kutu hula chuma, kwa hiyo chuma ndicho mliwa. Nikafunga bawaba kuukuu kwenye waya wenye fundo. Hoja ilikuwa safi kabisa. Baada ya saa moja bawaba ilitoka nyeusi, imechimbwachimbwa kama jani lililopitiwa na viwavi.

Mdogo wangu alipoiona jioni alikaa chini ili acheke vizuri. "Shahada zote hizo, umemkabidhi fisi mbuzi."

Machi 17

Mama aliingia chumbani, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya tangu baba atoweke, akaitazama ile bawaba iliyoharibika.

"Umemfunga nani kwenye fundo?"

"Chuma."

"Mwanangu. Baba yako alikuwa anasema mliwa hufungwa fundo ili asikimbie. Chuma hakikimbii. Chuma ndicho mlaji hapa, kinakula shibe yake na kung'aa. Anayeliwa ni yule anayekilinda."

Akatoka. Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Nilidhani mama anachanganyikiwa; mdogo wangu ameniambia hivyo mara nyingi hadi nimeanza kuona dalili. Leo nina shaka na dalili zenyewe.

Machi 20

Imefanikiwa. Bawaba ya pili imetoka na rangi ya mawingu, na nilipoisugua kwa dawa ya meno iling'aa. Nimekula chakula cha mchana nikiwa nimesimama, kwa furaha ya kitoto. Nimevisha parafujo, ndoano za mapazia, koleo, na vyuma vingine vilivyokuwa mezani kwa baba.

Machi 21

Mama alikuja na rula ya chuma mkononi. Ilikuwa inameta.

"Hii umeitoa wapi?"

"Mezani kwa baba. Ilikuwa na kutu, mama, nimeivisha."

Aliigeuza upande wa pili, kisha akairudisha upande wa kwanza, kama mtu anayetafuta mlango katika ukuta.

"Ilikuwa na vidole vyake vinne na gumba. Mikasi ilipotea. Hii ndiyo iliyobaki. Koleo je?"

Koleo lilikuwa linaning'inia nyuma yangu, jeupe.

"Umemfuta," mama akasema. Hakuinua sauti. Aliiweka rula mezani kwa upole akaenda kulala, ingawa ilikuwa saa tisa alasiri.

Machi 22

Mvua. Mama hakuongea.

Machi 23

Mvua. Mama ameomba chumvi, basi.

Machi 25

Komeo lililowa ndani ya siki tangu juzi. Leo nimelivisha. Ni kazi ya baba kweli: limenyooka kama hoja, na kichwa chake cha kushikia kina mviringo wa kutosha gumba na vidole vitatu. Nilipomaliza mdogo wangu alilirudisha mlangoni, akalisukuma. Liliingia mahali pake kwa mlio mfupi ambao sijausikia tangu ujana wangu. Sote watatu tuliutambua. Mama, aliyekuwa amekaa jikoni, alishika meza.

"Sasa mtu analala," mdogo wangu akasema, kisha, akigeukia jikoni, "Si ndiyo, mama?"

"Lala wewe," mama akamjibu.

Tumekubaliana kwamba nitalifunga kila jioni na kulifungua kila asubuhi; kwa sharti hilo la asubuhi mama amekubali kubaki. Nimejiwekea sharti la kulishika kwa kitambaa: zinki hii ni nyembamba, na mkono mtupu huiharibu.

Machi 26

Asubuhi komeo lilikuwa wazi.

Mlango wenyewe ulikuwa umebana. Komeo tu ndilo lililorudishwa hadi mwisho, na kichwa chake kimelazwa upande wa kushoto. Nalitaja hilo la kushoto kwa sababu mimi hukiacha kichwa kimesimama. Nilimuuliza mama. Aliniinulia mikono yake yenye viungo vilivyovimba, isiyoweza hata kufungua kopo la jamu.

"Hii? Hii ivute chuma kile?"

Nimehitimisha kwamba jana sikulisukuma vizuri.

Machi 27

Limefungwa jioni, na nimehakikisha mara mbili. Asubuhi limekutwa wazi, kichwa kushoto.

Machi 28

Vilevile.

Machi 30

Nimemsimulia mdogo wangu kwa simu kama mtu anayesimulia hitilafu ya mashine. Safari hii hakunitania.

"Kichwa kimelazwa wapi?"

"Kushoto."

"Baba ndiye alikuwa anakilaza kushoto. Kilikuwa kinamkamata mkono wa shati."

Mimi sikumbuki hilo. Au sikukumbuka hadi aliposema, na sasa siwezi kutenganisha kumbukumbu na maneno yake. Huo ni udhaifu wa ushahidi ninaouonya kila muhula katika mhadhara wa pili.

Aprili 3

Mfereji umejaa hadi ukingoni; maji yanaonekana kutoka dirisha la jikoni, ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda bila sauti. Jirani mkunga alikuja kuomba chumvi akakaa hadi mchana.

"Nyinyi mna bahati, mna mwanamume anayefunga milango," akasema.

"Mwanangu haishi hapa," mama akamjibu.

"Sisemi mwanao. Asubuhi nasikia chuma kinavutwa, taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha watu. Nikasema, hapo pana mtu mwenye adabu."

"Ni mimi," nikasema haraka. "Mimi hufungua asubuhi."

Mama alinitazama. Niliyoyasema yalikuwa kweli kwa maneno na uongo kwa maana, kwani kwa siku zote hizo sikuwahi kulikuta likiwa na haja ya kufunguliwa.

Aprili 8

Leo kuna alama.

Kwenye kichwa cha komeo, juu ya zinki niliyoing'arisha mwenyewe: gumba moja upande huu na vidole vitatu upande wa pili. Ni nyeupe, za ungaunga, kama mtu aliyetoka kukanda ngano. Kitabu kinaeleza: zinki ikipatwa na unyevu na chumvi hutoa kutu nyeupe, na hapo zinki inaliwa kwa niaba ya chuma. Naijua sababu ya weupe. Sijui sababu ya vidole.

Nimenusa. Kuna harufu ile ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu.

Sikumwita mama. Nilisimama pale nimeshika kitambaa, nikiwa na nia ya kuzifuta kabla hajaamka, na nilipokuwa bado natafakari nikamsikia nyuma yangu.

"Usifute tena," akasema.

Aprili 9

Mvua kubwa. Alama zimeanza kuwa nyekundu katikati.

Aprili 12

Mdogo wangu amekuja. Alikuwa amejitayarisha kwa utani. Nilimwona akiuandaa mdomoni tangu getini. Alipoinama kutazama, utani ule haukutoka.

"Gumba lina mstari."

"Ni mkwaruzo wa brashi ya waya."

"Baba alikatwa na bati hapa." Alionyesha gumba lake mwenyewe, katikati. "Mimi ndiye nilimfunga bandeji. Nilikuwa na miaka saba, nikamfunga hadi mkono ukawa kama boga, akaenda nao kazini hivyohivyo asinivunje moyo."

Sijawahi kuisikia habari hiyo. Nilidhani mdogo wangu alimsahau baba mapema, kwa wepesi, na kwamba ukali wake kuhusu milango ulitokana na wepesi huo. Tulitaka kuzilinganisha alama hizi na za zamani, tukaenda mezani, na pale palikuwa na rula inayometa, koleo jeupe, na uso wangu ukijiona ndani ya vyote viwili. Hakunilaumu. Aliishika rula kidogo kisha akasema, "Kazi nzuri lakini, dada. Kwa kweli imeng'aa."

Ingekuwa nafuu kama angecheka.

Aprili 15

Vilevile.

Aprili 16

Vilevile. Nimeona kwamba siandiki tena "limekutwa wazi". Ninaandika tu "vilevile", kama mtu aandikaye hali ya hewa.

Aprili 20

Nimefanya jaribio. Nilichukua misumari mitatu, nikaisafisha kwa siki tu hadi ikawa uchi. Jana jioni kila mmoja wetu alishika wake kwa muda uleule: mama, mdogo wangu na mimi. Niliwaambia kwamba napima unyevu wa nyumba.

"Nishike vipi?" mama akauliza.

"Kawaida tu."

"Hakuna kawaida ya kushika msumari, mwanangu, labda uwe ukutani."

Niliipanga kwenye sahani dirishani kwangu. Asubuhi msumari wa mama ulikuwa na ukungu mwepesi wa kahawia, sawa kila mahali. Wa mdogo wangu vivyo hivyo. Wa tatu ulikuwa na gumba na vidole vitatu, vyekundu, vikavu, vilivyo wazi kiasi cha kuhesabika mistari yake.

Wa tatu ni wangu.

Nimekaa na sahani hiyo mapajani asubuhi nzima. Sikuwahi kujua. Maisha yangu yote nimeshika vitabu na chaki, na karatasi haipati kutu. Kama mikono ya Bahari ilimrithisha mtu, ilinirithisha mimi. Na kama ni hivyo, mtu anayelala katika nyumba hii, mwenye mikono hiyo na nguvu ya kuvuta komeo, ni mmoja. Ninaamka. Ninatembea hali nimelala. Ninalivuta taratibu kwa mkono mtupu na kulaza kichwa kushoto kwa kumbukumbu ambayo macho yakiwa wazi sinayo. Kisha narudi kitandani na kuwa mwalimu wa mantiki.

Maelezo hayo yanatosha, tena ni mazuri, kwani hayahitaji kitu chochote kisichokuwepo. Nimeyapitia kama ninavyopitia kazi ya mwanafunzi na sikuona kosa. Ila kuna jambo moja. Sikuwahi kutembea usingizini, na jirani alisema alisikia asubuhi, si usiku. Nami huwa macho kabla ya alfajiri, na katika saa hizo nimesikia mvua tu.

Mkwaruzo kwenye gumba haumo katika msumari wangu. Lakini msumari ni mwembamba, na brashi ya waya haikuugusa.

Aprili 21

Sijawaambia.

Aprili 27

Mama anakula vizuri. Ameanza kuimba jikoni, nyimbo zisizo na maneno. Leo ameniomba nimsuke, na nilipokuwa namsuka akasema, "Unajua miaka yote hii sikuwahi kulala kifudifudi?"

"Kwa nini?"

"Sikio moja lilikuwa mlangoni."

"Na sasa?"

"Sasa nalala nitakavyo."

Mei 4

Mdogo wangu amekuja na hoja zake zote, amezipanga. Mfereji umekula ukingo hadi karibu na ukuta wetu. Komeo lenyewe, alisema, halina maana kama linafunguka kila siku, hata liwe linafunguliwa na nani. Alisema "na nani" akitazama dari. Alisema chumba cha mama kwake kiko tayari, kina dirisha, watoto wanamngoja. Nilijiandaa kumtetea mama, nikiamini kwamba hilo ndilo nililoachiwa kulifanya.

"Sawa," mama akasema.

"Nini sawa, mama?" mdogo wangu akauliza.

"Nipeleke. Ulitaka nini, nilie kwanza?"

"Ulisema hutoki hapa."

"Nilisema nangoja. Amefika. Hana haja ya mimi kukaa mlangoni kama bawabu." Alikunja mikono yake iliyovimba juu ya meza. "Mlikuwa wadogo. Wewe ulikuwa unarudi shule unasimama pale uani hadi giza. Na dada yako huko chuoni kila barua anauliza, mama, kuna habari? Nikasema, hapana, watu watatu hawawezi kungoja mtu mmoja, nyumba itakwisha. Nikawaambia msimame kando, ningoje mimi. Nilimngoja ili ninyi msimngoje. Basi. Kazi imekwisha, nimechoka, nataka kitanda chenye dirisha."

Mdogo wangu aliinuka akatoka uani kwenye mvua, bila mwavuli, akasimama mahali ambapo bila shaka ndipo alipokuwa akisimama zamani.

Na hapo nilikuwa na sahani ya misumari chumbani, ndani ya droo. Sentensi moja ingetosha: mama, vidole vile ni vyangu. Mama angerudisha sikio lake mlangoni, na angebaki, na mfereji ungeendelea kula ukingo. Nisingesema, angeondoka mwepesi, amevishwa jambo ambalo mimi mwenyewe sina hakika nalo. Nimewahi kuwafundisha watu kwamba kunyamaza si uongo ila pale ambapo mtu ana haki ya kuuliza. Mama hakuuliza. Je, hiyo ndiyo ilikuwa hoja, au ilikuwa fundo kwenye waya tu, nililolisoma kwa namna iliyonifaa?

Sikusema.

Mei 9

Tunafunga mizigo. Mvua zimepungua.

Mei 12

Mama ameondoka leo asubuhi. Gari lilikuwa limeshawashwa aliponiita dirishani. Alichukua mkono wangu wa kulia, akaugeuza kiganja juu, akakifuta kwa ncha ya leso yake polepole, kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akitufuta tulipotoka kula.

"Ulipozaliwa," akasema, "mkunga huyuhuyu jirani yetu alikupa mikasi ya kukatia kitovu ukaikamata, hukutaka kuiachia. Kesho yake ilikuwa na vidole vitano vidogo, vyekundu. Baba yako alicheka hadi akalia. Akaificha, akasema isionwe na mtu."

"Mama, kwa hiyo ulijua..."

"Nimejua mengi. Jifunike, kuna baridi." Akaurudisha mkono wangu kwangu, kana kwamba nilikuwa nimeusahau kwake. "Twende, baba," akamwambia mdogo wangu, na gari likaondoka.

Nimekaa jikoni tangu wakati huo. Kama alijua tangu siku niliyozaliwa, basi asubuhi ile ya alama alipolitazama komeo alijua zinaweza kuwa za nani. Na bado akasema, amefika. Nilidhani mimi ndiye niliyemfunika. Sasa sijui nani alikuwa zinki na nani chuma. Sote tulikuwa tumeandikwa ML.

Mei 13

Niko peke yangu nyumbani. Komeo nililifunga jana jioni kwa kitambaa.

Vilevile.

Mei 20

Mdogo wangu hupiga simu kila jioni.

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Mama anakusalimia. Amelala tangu saa moja, kifudifudi, anakoroma kama lori. Watoto wanamcheka."

"Waambie wamwache."

"Dada, bado linafunguka?"

"Zinki inaliwa tu," nikamjibu. "Nitalivisha upya."

Mei 27

Jirani mkunga amesimama kwenye ua wake akaniambia kwamba mfereji umeanza kushuka. Nilimuuliza kuhusu mikasi. Alifikiri, akasema amezalisha watoto wengi mno, na watoto wote hukamata.

Juni 2

Mvua zimekwisha. Ardhi ya uani imepasuka vipande vidogo, na mfereji umebaki mstari wa matope.

Asubuhi hii komeo lilikuwa wazi, kichwa kimelazwa kushoto, na alama nne zilikuwa juu ya zinki niliyoivisha upya wiki iliyopita. Kwa hiyo hakuwa mama; hilo moja nimelipata msimu huu, na hata lenyewe sikulihitaji.

Yaliyobaki yana jaribio rahisi, na aibu yangu ni kwamba nimelijua tangu Aprili. Boksi la glavu alilonipa mdogo wangu lina nyingi ambazo hazijatumika. Nivae jozi moja jioni, nizifunge kwa plasta kwenye vifundo vya mikono, nilale. Asubuhi nikikuta komeo wazi lisilo na alama, ni mimi. Nikilikuta na alama, nitakuwa na ukweli ambao sina pa kuuweka. Mwanafunzi wangu angelifanya jaribio hilo siku hiyohiyo, na asipolifanya ningemnyima alama.

Sijalifanya. Nimejaribu kuandika sababu kwa uaminifu, na kila niliyoiandika nimeikata. Niliandika woga, lakini siogopi. Nyumba haijawahi kuniwia tulivu hivi. Niliandika heshima kwa mama, lakini mama hayupo. Sababu inayobaki ni hii, nami naiandika bila hakika: jibu la kwanza likitoka, baba hakurudi, na itabidi mtu aanze tena kumngoja. La pili likitoka, amerudi, na itabidi mtu aache. Sijui ni lipi kati ya hayo siliwezi. Wala sijui kama swali langu la kale, la kulinda na kuficha, linaweza kujibiwa na mtu ambaye mwenyewe amefunikwa.

Boksi la glavu liko mezani, limefungwa. Kitambaa nimekifua na kukianika. Jioni hii nimelisukuma komeo hadi likaita mlio wake, kwa mkono mtupu.